Hesabu ya Hewa ya Ukaa kwa Kila Mtu: Nani Mdai, Nani Mdaiwa?

UTANGULIZI

Suala la mabadiliko ya tabianchi limekwisha kuingia katika kila mkutano, kuanzia ule wa Umoja wa Mataifa mpaka ule wa kijiji. Kada anayefanya kazi miongoni mwa wakulima wa mpunga na kakao wa Kyela, wavuvi wa Matema au makuli wa bandari ya Itungi hana budi kukutana na maswali haya: Ni nani aliyechafua anga? Kwa nini sisi tuambiwe tupunguze moshi, na moshi wetu wenyewe ni wa jiko la mafiga matatu? Na yale makaa ya mawe ya Kiwira tuyaache ardhini au tuyachome?

Maswali haya hayajibiwi kwa hasira wala kwa kauli mbiu. Yanajibiwa kwa hesabu. Lakini hesabu nayo ina siasa yake, kwa kuwa anayechagua kipimo ndiye anayechagua nani aonekane mkosaji. Shabaha ya makala haya ni kueleza namna ya kulinganisha hewa ya ukaa inayotolewa na nchi mbalimbali, hasa kwa kugawanya kwa idadi ya watu, na kuonyesha nguvu ya kipimo hicho pamoja na upungufu wake. Msimamo wetu ni kwamba hesabu ya kila mtu ni ya haki kuliko hesabu ya jumla ya nchi, lakini haitoshi peke yake. Na kwamba haki ya kutoa hewa ya ukaa si amri ya kuitoa.

1. KINACHOHESABIWA NI NINI?

Makaa ya mawe, petroli, dizeli na gesi asilia ni mabaki ya mimea na viumbe wa mamilioni ya miaka iliyopita. Vikichomwa, kaboni iliyomo huungana na oksijeni na kuwa hewa ya ukaa. Hewa hiyo huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoroke kwenda angani, kama blanketi. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe kama 280 zilikuwa za ukaa. Kufikia 2024 zilikuwa zimepita 420. Katika mwaka huo huo wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa nyuzi moja na nusu, na huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda kufikia kiwango hicho.

Uzito wake hupatikana kwa hesabu rahisi. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa; lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Tani moja ya makaa ya mawe mazuri hutoa tani mbili na zaidi. Msomaji asishangae kwamba moshi unauzidi uzito mafuta yenyewe, kwani oksijeni iliyoongezeka imetoka hewani.

Kwa hiyo nchi ikijua imechoma mafuta, gesi na makaa kiasi gani, na imetengeneza saruji kiasi gani, inaweza kujua imetoa tani ngapi za hewa ya ukaa. Takwimu nyingi zinazolinganisha nchi huhesabu vitu hivyo tu. Kuni na mkaa wa miti huwekwa katika hesabu nyingine, ile ya misitu na ardhi. Jambo hili dogo lishikwe vizuri, maana tutalirudia.

2. JUMLA YA NCHI NA WASTANI WA KILA MTU

Kuna namna mbili za kawaida za kulinganisha nchi. Ya kwanza ni jumla. Kwa kipimo hiki China ndiyo ya kwanza, ikitoa zaidi ya tani bilioni 11 kwa mwaka. Marekani inafuata kwa tani bilioni 5 hivi, na India ni ya tatu ikiwa karibu na tani bilioni 3. Dunia nzima hutoa tani bilioni 37 hivi. Tanzania hutoa tani milioni 15 hivi, yaani sehemu ndogo sana isiyofikia hata moja kwa elfu.

Namna ya pili ni kuchukua jumla hiyo na kuigawanya kwa idadi ya watu wa nchi. Hapo picha hubadilika. Kwa makadirio ya miaka ya 2022 na 2023, wastani wa mtu mmoja kwa mwaka ni kama ifuatavyo:

Qatar: zaidi ya tani 35
Marekani: karibu tani 15
China: tani 8 hivi
Afrika Kusini: kati ya tani 6 na 7
Wastani wa dunia: chini kidogo ya tani 5
India: tani 2 hivi
Kenya: karibu nusu tani
Tanzania: robo tani hivi
Malawi: kama sehemu moja ya kumi ya tani

Tulitafsiri orodha hii katika lugha ya maisha ya kila siku. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Tukigawanya tani milioni 15 kwa idadi hiyo, kila mmoja anapata kilo 240 hivi, sawa na kuchoma lita kama 100 za petroli kwa mwaka mzima. Humo mna sehemu yake ya umeme, saruji, basi alilopanda na lori lililobeba mchele wake. Mmarekani wa wastani hutoa kiasi kinacholingana na lita 6,500 hivi. Akianza mwaka tarehe 1 Januari, ifikapo tarehe 6 Januari amekwisha kutoa kile ambacho Mtanzania atatoa mpaka tarehe 31 Desemba.

Tuchukue mfano wa watu 250,000, idadi inayokaribiana na ile ya wilaya ya Kyela. Kwa wastani wa Kitanzania watu hao wote wanatoa tani 60,000 kwa mwaka. Marekani, kiasi hicho hutolewa na watu 4,000 tu. Wilaya nzima, pamoja na majaruba yake, mashamba ya kakao, michikichi, masoko ya Ipinda na Kasumulu, na meli zinazotoka Itungi, inalingana katika mizani hii na mji mdogo wa ugenini.

Kwa nini tunasema kipimo cha pili ni cha haki zaidi? Kwa sababu anga ni mali ya watu wote, haina hati miliki. Tulitazame Ziwa Nyasa. Mvuvi mmoja anatega ndoana akiwa katika mtumbwi wake. Mwingine anavuta kokoro na kuzoa mpaka mayai ya samaki. Usipa wakipungua, akatokea mtu na kusema, "Kila mmoja apunguze uvuvi wake kwa nusu," kauli hiyo ina sura ya usawa, lakini matokeo yake ni kwamba mwenye kokoro anabaki na shehena na mwenye ndoana anabaki na njaa. Usawa wa asilimia kati ya watu wasio sawa ni njia mojawapo ya kuendeleza kutokuwa sawa. Hali kadhalika, kulinganisha jumla ya nchi yenye watu bilioni 1.4 na jumla ya nchi yenye watu milioni 5, kisha kuilaumu ile kubwa kwa ukubwa wake, ni kuadhibu watu kwa kosa la kuwa wengi.

3. MAJARUBA YA MPUNGA NA MAGARI YA STAREHE: MJADALA WA 1991

Hoja hii ina historia ambayo kada anapaswa kuijua. Mwaka 1990 taasisi moja ya utafiti ya mjini Washington, World Resources Institute, ilitoa hesabu zilizoziweka Brazili, China na India miongoni mwa nchi tano za mwanzo kwa kuchangia ongezeko la joto duniani. Mwaka 1991 Anil Agarwal na Sunita Narain, wa kituo cha sayansi na mazingira cha New Delhi, walizijibu hesabu hizo katika kijitabu walichokiita *Global Warming in an Unequal World*.

Hoja zao kuu zilikuwa mbili. Kwanza, bahari na misitu ya dunia humeza sehemu ya hewa ya ukaa kila mwaka bila malipo. Huduma hiyo ya maumbile igawanywe kwa nani? Hesabu za Washington ziliigawa kwa kufuata uchafuzi, hivyo aliyechafua zaidi akapewa msamaha mkubwa zaidi. Agarwal na Narain walisema igawanywe kwa idadi ya watu, kwa kuwa hakuna binadamu aliyezaliwa na fungu kubwa la bahari kuliko mwenzake.

Pili, walitofautisha gesi ya kuishi na gesi ya anasa. Hapa ndipo mkulima wa Kyela anapohusika moja kwa moja. Jaruba la mpunga likijaa maji, udongo hukosa oksijeni, na vijidudu vinavyoozesha majani na mizizi hutoa gesi ya methani. Ng'ombe naye hutoa methani anapocheua. Tani moja ya methani hupasha joto zaidi ya mara 25 ya tani moja ya hewa ya ukaa katika muda wa miaka mia moja, ingawa yenyewe hukaa angani miaka kumi na kitu tu, ilhali sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hukaa kwa karne. Hayo ni mambo ya kisayansi na hatuyakatai. Swali ni je, methani inayotoka katika jaruba la mkulima anayelisha watoto wake iwekwe katika safu moja ya daftari na moshi wa gari la pili au la tatu la tajiri? Waandishi wale walijibu hapana, nasi tunaona walijibu sawasawa. Kuziweka pamoja bila kuzitenga ni kufanya chakula na starehe kuwa kitu kimoja.

Hata hivyo, kutenga si kufumba macho. Wataalamu wa kilimo wamethibitisha kwamba jaruba likiachwa likauke kidogo kisha likajazwa tena, methani hupungua sana na maji hutumika kidogo zaidi. Mkulima mwenye mfereji na lango la maji anaweza kufanya hivyo. Anayetegemea mafuriko ya mto Mbaka au Lufilyo hawezi. Kwa hiyo anayetaka methani ya Kyela ipungue aanze kwa kujenga mifereji. Kumlaumu mkulima hakujengi mfereji.

4. UPUNGUFU WA WASTANI

Baada ya kukisifu kipimo cha kila mtu, hatuna budi kukichambua, kwa kuwa wastani nao unaficha mambo. Tutaje manne.

(a) Unaficha historia. Orodha tuliyoitoa ni ya mwaka mmoja tu, lakini joto la leo limeletwa na moshi wa jana uliorundikana. Uingereza ilifungua kituo cha umeme wa makaa katika eneo la Holborn, London, mwaka 1882, na ilifunga cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Ni miaka 142. Leo wastani wa Mwingereza umeshuka mpaka karibu na ule wa dunia, na akitazamwa kwa mwaka huu pekee anaonekana msafi kuliko Mchina. Lakini moshi wa babu yake bado uko angani ukifanya kazi. Tukijumlisha tangu mwanzo wa viwanda, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ya ukaa yote ya mafuta na makaa. Bara zima la Afrika limetoa kama asilimia 3.

(b) Unaficha biashara. Moshi huandikwa katika nchi ulikotokea, hata kama bidhaa imekwenda kwingine. Kiwanda cha China kinachotengeneza simu na nguo za soko la Ulaya huandikiwa China. Kinyume chake nacho kipo, na kiko karibu nasi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati, wanunuzi wa Ulaya walitafuta makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yakasafirishwa kupitia bandari ya Mtwara. Moshi wa makaa hayo huandikwa kwa waliochoma, na ni haki. Nchi zile zile zilizokuwa zikitushauri tuyaache makaa ardhini zilikuja kuyanunua zilipobanwa. Hatulisemi hili kwa kejeli. Tunalisema ili kada aone kwamba mahitaji ya uchumi yana sauti kubwa kuliko mahubiri.

(c) Unaficha matabaka. Nchi haitoi moshi. Watu ndio wanaotoa, na watu wa nchi moja hawako sawa. Katika Qatar, wafanyakazi wengi ni wageni kutoka Nepal, India, Bangladesh na Afrika Mashariki, wanaolala wengi katika chumba kimoja. Tani zaidi ya 35 zinaandikwa kwa jina la kila mmoja wao, sawa na mwenye jumba na magari. Aidha, sehemu kubwa ya moshi huo unatoka katika mitambo inayosindika gesi ya kuuza nje. Shirika la Oxfam lilikadiria mwaka 2023 kwamba asilimia moja ya watu matajiri zaidi duniani walitoa asilimia 16 ya hewa ya ukaa mwaka 2019, kiasi sawa na cha watu bilioni 5 walio maskini zaidi. Nasi tusijisahau. Ndani ya robo tani ya Mtanzania mna mwenye jenereta, viyoyozi na magari matatu Dar es Salaam, na mna bibi wa Ngonga anayenunua mafuta ya taa kwa kibaba. Kabwela hana haki ya kutumiwa kama ngao ya mwenye nacho.

(d) Unaficha misitu. Tumesema kuni na mkaa haviko katika hesabu ya kawaida. Kutokana na hilo hutokea kioja. Familia inayopikia mkaa wa miti iliyokatwa bila kupandwa mingine haionekani kabisa katika orodha. Siku familia hiyo ikihamia mtungi wa gesi, au ikinunua ule mkaa mbadala ambao Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linautengeneza kutokana na makaa ya mawe, wastani wa taifa unapanda, japokuwa msitu umepona. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ukifanikiwa, tarakimu yetu inaweza kuongezeka kidogo. Je, tutakuwa tumeharibu? La. Mama atakuwa ameondokana na moshi unaomwumiza macho na kifua, na miti itakuwa imebaki kwenye miteremko. Tarakimu ni mtumishi, isifanywe bwana.

5. MAKAA YA MAWE YA KIWIRA

Sasa tufikie jambo lililo mlangoni petu. Katika vilima vya mpakani mwa Kyela na Ileje upo mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, pamoja na kituo kidogo cha umeme cha megawati 6. Mgodi huo ulibinafsishwa katika miaka ya 2000, uzalishaji ukadorora, baadaye ukarudishwa mikononi mwa umma chini ya STAMICO. Kwa miaka mingi umezungumzwa mpango wa kujenga hapo kituo cha megawati 200.

Tutumie kipimo chetu. Kituo cha megawati 6, kikifanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, kingetoa kama tani 50,000 au 60,000 za hewa ya ukaa. Kituo cha Bełchatów nchini Poland kilitoa zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka katika miaka kadhaa ya 2010. Kiwira ya zamani ingehitaji zaidi ya miaka 500 kufikia moshi wa Bełchatów wa mwaka mmoja. Tuseme sasa kimejengwa kile cha megawati 200, nacho hakisimami hata saa moja. Kingetoa tani milioni 1.75 hivi. Tukigawanya kwa Watanzania wote, ni kilo 28 kwa kila mtu. Kutoka kilo 240 tungefika kilo 270. Wastani wa dunia ni zaidi ya kilo 4,500.

Kwa hesabu hii hakuna mwenye uso wa kutuambia kwamba Kiwira ndiyo itakayoiunguza dunia. Haki tunayo, nayo inatambuliwa katika sheria za kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, umeweka kanuni ya wajibu wa pamoja wenye viwango tofauti kulingana na uwezo wa kila nchi.

Lakini tusiishie hapo. Swali la haki ni moja, na swali la busara ni jingine. Kituo cha makaa hujengwa kwa mkopo na hudumu miaka 30 au 40. Bei ya umeme wa jua imeshuka sana tangu 2010. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kwa upande mwingine, bwawa hutegemea mvua, na ukame wa 2022 ulitukumbusha mgawo wa umeme. Haya yote yapimwe: gharama, ajira za vijana wa Kyela na Ileje, vumbi na maji machafu yanayoweza kuingia katika mto Kiwira na hatimaye ziwani, na uhakika wa umeme. Uamuzi utokane na hesabu ya maslahi ya wananchi. Usitokane na aibu tuliyobandikwa na wengine, wala usitokane na ukaidi wa kusema, "Wao walichoma, na sisi tuchome."

6. MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Katika semina zetu tumeona makosa mawili yakijirudia.

Kosa la kwanza ni kujiona wakosaji sawa na wengine. Kada anasimama mbele ya wakulima na kuwaambia kwamba "sisi binadamu" tumeharibu hali ya hewa. Sisi gani? Tumekwisha kuonyesha kwamba neno hilo "sisi" linamweka mwenye ndoana na mwenye kokoro katika mtumbwi mmoja. Hii ni kasumba, hata ikisemwa kwa nia njema.

Kosa la pili ni kujivunia robo tani. Tarakimu yetu ndogo haikutokana na wema wetu. Kwa sehemu kubwa ni tarakimu ya nyumba zisizo na umeme, ya wanawake wanaotwika kuni, ya mchele unaosafirishwa ukakobolewe kwingine kwa kukosa mitambo. Nchi isiyotoa moshi kwa sababu haina kiwanda haijatunza mazingira, imenyimwa maendeleo. Shabaha yetu ni kupanda kimaisha bila kupita njia ile ile ya moshi, na njia hiyo mpya inahitaji mtaji na ufundi.

Hapo ndipo suala la deni linapoingia. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipatia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za nchi hizo zenyewe, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya ahadi kuiva, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizotolewa ilikuwa mikopo. Maana yake mdaiwa analipa deni lake kwa kumkopesha mdai, kisha anamtoza riba. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh ulikubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu. Mwaka 2024 huko Baku ikaahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Marekani, iliyorejea katika Mkataba wa Paris mwaka 2021, ilitangaza Januari 2025 kwamba inajitoa tena. Kwa hiyo ahadi si malipo, na mdai asiyejua hesabu yake hulipwa maneno.

Wakati huo gharama haisubiri. Ng'ambo ya mto Songwe wako ndugu zetu wa Malawi, ambao wastani wao ni moja ya kumi ya tani. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa nchi hiyo; zaidi ya watu 600 walifariki na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na mvua ikishuka hushuka kwa kishindo. Si halali kisayansi kusema kila mafuriko ya Kyela yameletwa na Marekani. Bonde hili lilijua mafuriko tangu zamani, na kulima kingo za mito nako kuna mchango wake. Lakini ni halali kusema kwamba mizani imeelemezwa, na walioielemeza wanajulikana kwa tani zao.

HITIMISHO

Tumeona kwamba jumla ya nchi hupotosha kwa kuadhibu wingi wa watu, na kwamba wastani wa kila mtu ni kipimo cha haki zaidi kwa kuwa anga ni mali ya wote. Tumeona pia kwamba wastani huo usomwe pamoja na historia, biashara, matabaka na misitu, la sivyo utageuka kuwa pazia jingine. Na tumeona kwamba mwenye haki ya kuchoma anabaki na wajibu wa kufikiri kabla ya kuwasha.

Kazi ya kada ni kuipeleka hesabu hii kwa wananchi kwa lugha yao: lita za petroli, siku sita za Januari, ndoana na kokoro. Mkulima wa Kyela akiielewa, hatakubali kuitwa mkosaji, na hatakubali pia kuambiwa kwamba miti ya mteremko wake haihusiki.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Kwa kutumia kilo 2.3 kwa lita ya petroli na 2.7 kwa lita ya dizeli, kadirieni hewa ya ukaa inayotolewa kwa mwaka na bodaboda, mashine za kukoboa na magari ya kata yenu. Gawanyeni kwa idadi ya wakazi.

2. Katika hesabu hiyo, onyesheni ipi ni ya kuishi na ipi ni ya anasa. Nani anatoa zaidi?

3. Je, kituo kipya cha makaa Kiwira kijengwe au kisijengwe? Kila upande utoe hesabu zake.